Mwalimu wa Benchi la Tatu

Mchungaji, wazee wa baraza, wanakwaya wa zamani na wa sasa, majirani zetu, mafundi wenzake wa kibarazani, na wewe babu uliyeketi hapo mbele na kofia yako magotini, kwa niaba ya familia nasimama mimi, mjukuu wake wa tatu, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, kuwasomea safari ya maisha ya bibi yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kanzu, na naomba mnivumilie, kwa sababu aliyepangiwa kusoma ni mjomba, ila babu alisema jana kwamba mjomba atalia kabla hatujafika shule ya msingi, na mimi nitalia karibu na mwisho, kwa hiyo nipewe mimi.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Aprili 1946, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita, baba yake akiwa fundi viatu na mama yake akiwa mfua nguo wa hospitali, na mama huyo alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakuwa mlizi, alikuwa msikilizaji, kwamba mashine za kiwanda zikiwa zinapiga alilala fofofo, na zikizimwa jioni aliamka na kutazama dari kama mtu aliyenyang'anywa kitu chake.

Alianza darasa la kwanza Januari 1954 katika shule ya msingi ya kanisa hili hili, jengo ambalo siku hizi ni stoo ya viti, na akamaliza darasa la nane Novemba 1961 akiwa wa pili kati ya wanafunzi thelathini na wanne, ambapo aliyekuwa wa kwanza alipelekwa sekondari, na wa tatu, wa nne na wa saba nao walipelekwa sekondari, kwa kuwa wote hao walikuwa wavulana, na hapo siongezi neno, nasoma tu matokeo kama yalivyobandikwa ukutani.

Akiwa bado shuleni, siku ya Jumapili tarehe 2 Februari 1958, ilianzishwa Kwaya ya Wavulana ya kanisa hili, ikiwa na wavulana kumi na mmoja, mmoja wao akiwa kaka yake, ambaye alikuwa na sauti nzuri sana na kichwa kisichohifadhi kitu, hivyo bibi akatumwa na mama yao kwenda kumsubiri nje ya dirisha kila siku ya mazoezi, kazi yake ikiwa ni kumrudisha nyumbani na viatu vyote viwili, naye pale dirishani, akiwa na miaka kumi na mmoja, akaokota nyimbo zote, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, akawa anamfundisha kaka yake njiani wakirudi, na kwa sababu kaka alikuwa anasahau zaidi akikaripiwa, akajifunza kumfundisha bila kumkaripia, na huo ndio ulikuwa ualimu wake wa kwanza, darasa la mtu mmoja, barabarani, bila cheti.

Baada ya shule alijiunga na mafunzo ya ushonaji kwa miaka miwili, 1962 na 1963, akatunukiwa cheti cha daraja la kwanza, na hicho cheti hakuna aliyewahi kukitilia shaka, kisha Machi 1964 akaajiriwa katika kiwanda cha mashati, idara ya kola, ambako alishona kola tu kwa miaka miwili na nusu mpaka akaanza kuwaangalia watu shingoni kabla ya usoni, na tarehe 1 Oktoba 1966 akaacha kazi hiyo akahamia kwenye kibaraza cha mafundi kinachotazamana na posta, cherehani ya tatu kutoka mlangoni, mahali alipofanyia kazi kwa miaka arobaini na minane, na wenzake wa kibarazani, ambao naona mmevaa leo nguo mlizoshona wenyewe kwa heshima yake, mnajua kwamba hapo hapakuwa na fundi mwenye maneno machache na mkasi mwepesi kama yeye.

Mwezi Mei 1970 kanisa lilimpa kazi ya kushona kanzu thelathini na sita za Kwaya ya Wavulana, nyeupe, zenye kola nyekundu, na kila kanzu aliiwekea pindo la ndani la vidole vinne, ili mvulana akirefuka kanzu nayo irefuke, na kila Januari na kila Julai aliwapanga mstari katika chumba cha kuvalia, akawapima, akafungua pindo la anayehitaji, akapiga pasi mstari wa zamani mpaka ukafutika, na humo kwenye pindo ndimo alimogundua jambo ambalo mwalimu wa kwaya wa wakati huo, pamoja na elimu yake yote, hakuwa analijua, kwamba mvulana ambaye pindo lake limefunguliwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja sauti yake iko mbioni kuvunjika, na mtu mwenye busara hampi wimbo wa peke yake siku ya sikukuu.

Januari 1972 mwalimu huyo wa kwaya alihamishwa kikazi kwa notisi ya siku tatu, Pasaka ikiwa imebaki wiki kumi na moja, na baraza la wazee likahangaika kutafuta mwanamume wa kushika nafasi, likampata karani wa posta, kijana wa miaka ishirini na saba, mrefu, mwenye suti ya kijivu, na mwenye sauti ya kuita wenye vifurushi ikasikika mpaka ng'ambo ya barabara, ambaye alipoulizwa kama anaujua muziki alijibu kwamba anaupenda, na baraza likaona inatosha, nami nawaomba mkumbuke neno hilo, inatosha, maana huyo karani ndiye babu yetu, na yeye mwenyewe amenipa ruhusa ya kusoma aya hii kama ilivyo.

Wakati wa mazoezi bibi alikuwa chumba cha kuvalia anashona vifungo, mlango ukiwa wazi nusu, na kwa Jumatano tatu mfululizo alisikia sauti ya pili ikishuka kila ikifika mstari wa tatu, inateremka taratibu kama soksi iliyokatika mpira, na Jumatano ya nne uvumilivu ukamwisha, akatoa kichwa mlangoni, akawaimbia wavulana ule mstari mara mbili, akarudi kwenye vifungo vyake, na mstari haukushuka tena, ndipo babu alipomfuata baada ya mazoezi, kitabu cha nyimbo kikiwa kwapani, akamwambia, "Dada, hawa watoto wananiangalia kana kwamba nina kitu. Sina."

Wakakubaliana pale pale, bila karatasi, kwamba siku za mazoezi bibi atafundisha na babu atashika zamu ya mlango, na siku za ibada, kwa kuwa baraza lilitaka kuona mwanamume mbele, babu atasimama mbele na kupunga mikono, na bibi atakaa benchi la tatu, upande wa kushoto, mwisho kabisa karibu na njia, mahali ambapo wavulana wakitazama juu ya bega la babu wanamwona yeye, naye ataweka kitabu cha nyimbo mapajani na kupiga mapigo juu yake kwa kiganja, polepole kama mtu anayebembeleza, kiganja kikiinuka sauti iinuke, kikilala sauti ilale, na waumini waliokaa nyuma yake kwa miaka yote hiyo walidhani ni mama mcha Mungu anayeguswa na nyimbo.

Wavulana, kama mnavyowajua, hawakuchelewa kumpa babu jina, wakamwita Bwana Feni, wakisema kazi yake ni kuleta upepo, na babu alilijua jina hilo, akalipenda, na siku za joto alikuwa akiwauliza kabla ya ibada wanataka namba moja, mbili au tatu.

Hivi ndivyo kwaya ilivyoishi chini ya mkono wake, Jumatano saa kumi jioni na Jumamosi saa tatu asubuhi, wavulana wakifika kwanza wananawa miguu bombani, kwa sababu vumbi la kiwanja cha mpira halikuruhusiwa kuvuka kizingiti, kisha wanakaguliwa mifuko, gololi na manati vikilala kwenye kopo la vifungo mpaka mazoezi yaishe, kisha wanasoma noti za herufi, zile za do re mi, ubaoni kwa kunong'ona, maana aliamini kwamba wimbo usioweza kunong'onwa hauwezi kuimbwa, na anayechelewa alipewa kanzu yenye kola inayowasha, ambayo alikuwa ameishona makusudi, moja tu, namba kumi na tisa, na naona baadhi ya wazee wetu hapa wanajikuna shingo.

Mvulana ambaye sauti yake imevunjika hakufukuzwa kwenye kwaya kama ilivyokuwa zamani, alihamishiwa benchi la ukutani ambalo wavulana waliliita gereji, sauti iko gereji, walisema, na huko alikaa miezi sita au zaidi bila kuruhusiwa kuimba hata nusu mstari, akipiga kanzu pasi na kusikiliza besi kwa masikio, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi bibi alimwita, akamwambia ahesabu moja mpaka kumi kwa sauti ya kawaida, akasikiliza, akasema bado, au akasema njoo, na wengi walilia siku ya kupelekwa gereji, wavulana wakubwa wa miaka kumi na minne wanalia kama wamefiwa, naye kila mmoja alimwambia maneno yale yale, "Sauti haijapotea, mwanangu. Imekwenda kuchukua vitu vyake."

Kwa mujibu wa madaftari yake ya vipimo, ambamo pembeni ya kifua na urefu wa kila mvulana aliandika pia sauti yake na tarehe iliyobadilika, wamepita mikononi mwake wavulana mia nne na kumi na wawili, wakiwemo wauguzi, madereva, mawakili, mchungaji mmoja na wezi wawili ambao bibi alisema walikuwa na masikio mazuri kuliko wote.

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1974, marehemu alifunga ndoa takatifu na babu yetu katika kanisa hili, baada ya uchumba wa mwaka mmoja ambao babu anasema aliuanza yeye na bibi alisema ulianzishwa na kiganja chake, na siku hiyo palitokea shida ambayo hakuna kamati ya arusi iliyoifikiria, kwamba kwaya ilitakiwa kuimba, anayesimama mbele ni bwana arusi na anayefundisha ni bi arusi, wote wawili wako madhabahuni, hivyo bibi akashika mkono wa mumewe mtarajiwa kama bi arusi yeyote, na juu ya mkono huo, mbele ya mchungaji na mashahidi, akapiga mapigo ya wimbo wote wenye beti tano, wavulana wakimtazama kutoka pembeni, na babu anaapa kwamba alikwenda fungate akiwa na alama.

Mungu aliwajalia watoto watatu, mama yangu aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1976, mjomba aliyezaliwa tarehe 17 Agosti 1979, na mama mdogo aliyezaliwa tarehe 5 Machi 1983, na wote watatu walibebwa benchi la tatu wakiwa wachanga, wakipigwapigwa mgongoni kwa mapigo ya kwaya badala ya kitabu cha nyimbo, jambo ambalo kwa mtoto wa kwanza lilikwenda vizuri mpaka Jumapili ya tarehe 5 Februari 1978, siku ya kuadhimisha miaka ishirini ya kwaya, kanisa limejaa mpaka ngazini, askofu mgeni ameketi kiti cha heshima, kwaya imesimama inaimba wimbo wa kumkaribisha, na mama yangu, akiwa na umri wa miezi kumi na minne, akapaliwa na kipande cha biskuti.

Bibi akampiga mgongoni haraka haraka, na wavulana thelathini na sita wakaongeza mwendo, akampiga kwa nguvu, wakaimba kwa nguvu, akamwinua juu begani, na kuinua maana yake walikuwa wanaijua, wakapaza sauti mpaka vioo vikalia, kisha akainuka na kutoka naye nje mbio, na kwaya yote ikanyamaza kama imekatwa na mkasi, katikati ya neno, walikuwa wamefika "tunakukari", kwa hiyo askofu alikaribishwa nusu, na katika ukimya ule kilichobaki kikisogea kanisani ni mikono ya babu, inaendelea kupunga, kama feni inayozunguka baada ya umeme kukatika.

Askofu, ambaye alikuwa mtu wa kawaida na mcheshi, alimuuliza kijana wa mstari wa mbele kwa upole mwalimu wao ni yupi, na kijana yule, ambaye hakuwa amefundishwa kudanganya, akajibu, "Katoka nje, mtoto kapaliwa."

Biskuti ilitoka, mama yangu yupo hapa mbele yenu na anakula biskuti mpaka leo, askofu alicheka mpaka akavua miwani, bibi aliporudi alikaa, akaweka kiganja mahali pake, na wimbo ukamaliziwa, ila Alhamisi iliyofuata, tarehe 9 Februari, baraza lilikaa kikao cha saa tatu, na kwa mujibu wa muhtasari wa kikao hicho liliamua kwamba mama huyo aendelee kusaidia akiwa kwenye benchi lake, lakini katika kitabu cha kwaya mwalimu aendelee kuandikwa mumewe, na yeye aendelee kuandikwa mshonaji wa kanzu, na mzee mmoja alitoa hoja, ambayo imo kwenye muhtasari na sijaitia chumvi, kwamba wavulana wanaofundishwa na mwanamke hawatapata besi, nami namwomba mzee huyo, popote alipo, asikilize leo wimbo wa kumsindikiza utakapofika mstari wa chini, madirisha yatamjibu kwa niaba yangu.

Tarehe 1 Juni 1986 babu alipandishwa cheo kazini na kupangiwa zamu za Jumapili, akaacha kusimama mbele, na baraza halikumweka mtu mwingine, wala halikumwita bibi asogee, hivyo tangu siku hiyo wavulana waliimba wakiwa wametazama nafasi tupu, na nyuma ya nafasi tupu benchi la tatu, na nyimbo hazikuharibika hata moja, na kitabu cha kwaya kiliendelea kuandika jina la babu kila mwaka mpaka tarehe 30 Desemba 2012, siku bibi alipostaafu na kumkabidhi kazi mwalimu wa sasa, aliyekuwa mwanafunzi wake, maana yake ni kwamba kwa miaka ishirini na sita na miezi saba ile nafasi tupu ilikuwa na cheo cha ualimu na bibi hakuwa nacho, na nimejaribu kulieleza jambo hili kwenye midahalo ya chuo nikaambiwa nimetunga.

Mwaka 2018, kwaya ilipotimiza miaka sitini, kilichapwa kijitabu chenye picha za walimu wote, na bibi alitajwa ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa cha wahudumu wengine, baada ya fundi umeme na kabla ya msafisha madirisha, nami wakati huo nikiwa kidato cha kwanza nilikitupa kijitabu mezani na kusema yote ambayo msichana wa kidato cha kwanza anaweza kusema kuhusu wazee wa kanisa, na bibi hakuacha kupiga pasi, akasema, "Mimi nilikuwa na wavulana kila Jumatano. Wao walikuwa na kitabu." Nikajua kwamba ameridhika, na kwa miaka sita nimewaambia watu kwamba bibi yangu hakujali.

Na kuridhika aliridhika kweli, sitaki mtu aondoke hapa akidhani tunamzika mtu mwenye kinyongo, kwa sababu baada ya kustaafu kwaya, na baada ya kufunga cherehani yake kibarazani mwaka 2014, alikuwa mtu mwenye furaha tulivu, anaamka saa kumi na mbili, anamwagilia maua ya kwenye makopo, anabishana na babu kuhusu redio, anawapima wajukuu wote saba kila Januari na Julai tupende tusipende, na Jumatano jioni anakaa mlangoni kwake, nyumba tatu kutoka hapa, anasikiliza mazoezi, na mwalimu wa sasa anakiri kwamba mara mbili tatu alipokea ujumbe kwenye simu wakati mazoezi yanaendelea, wenye maneno matatu tu, sauti ya pili.

Mwezi Agosti 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akawa akichoka akipanda ngazi na kuvimba miguu, akahudhuria kliniki kila mwezi bila kukosa, na tarehe 2 Mei mwaka huu hali ilibadilika, akalazwa wodi ya wanawake, kitanda cha kumi na moja, ambako tulipokezana zamu, na Jumapili ya tarehe 5, zamu ikiwa yangu na ya babu, nikiwa namchana nywele na babu anamsomea matangazo ya ibada, bibi alimkatisha akamwambia, "Baba, ukienda kanisani waambie waniandike."

Mimi nilishangaa, nikamkumbusha maneno yake ya mwaka 2018, kwamba yeye alikuwa na wavulana na wao walikuwa na kitabu, naye akasema, "Nilisema vile kwa sababu nilijua nikitaka sitapewa," kisha akamwomba babu aendelee na matangazo.

Alifariki dunia siku ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, mwezi mmoja na siku tano, babu akiwa amemshika mkono, na ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja.

Siku iliyofuata niliandika barua kwa baraza nikiomba katika ratiba ya mazishi aandikwe mwalimu, barua ya kurasa tatu yenye hoja kumi na moja, ambayo naamini ilikuwa nzuri, na nikajibiwa na katibu wa baraza kwa heshima zote kwamba hakuna barua ya uteuzi, kwamba kitabu cha kwaya hakifutwi, na kwamba ratiba imeshakwenda kuchapwa, nami nikaanza kuandaa kurasa nyingine tano, lakini juzi Alhamisi, saa tatu asubuhi, babu alivaa ile suti ya kijivu, ambayo bibi alimpanulia mara nne na bado inamkaa, akaniambia niache karatasi zangu nyumbani nimfuate, akaingia ofisi ya kanisa, akaomba kitabu.

Katibu alikifungua ukurasa wa walimu, akamweleza tena kwa upole kwamba kitabu hakifutwi, na babu, ambaye katika maisha yangu yote sijamsikia akibishana na mtu ila na redio, akavua kofia na kusema, "Basi msimwandike yeye. Nifuteni mimi. Miaka arobaini nimebeba kitu cha mke wangu, na leo sina pa kumrudishia."

Mimi sikuongeza hoja hata moja, na wanaonijua watalishangaa hilo kuliko yote niliyosoma leo, na katibu akampigia mwenyekiti simu, akatoka nayo nje, akakaa huko kama dakika kumi, akarudi, akakigeuza kitabu kikamtazama babu, akampa kalamu, na babu, kwa mwandiko wake wa posta, akaandika pembeni ya jina lake, 1972 hadi 1986 nilisimama, baada ya hapo sikuwepo kabisa, na juu ya jina lake akaandika jina kamili la bibi, akaandika Mwalimu, akaandika 1972 hadi 2012, katibu akaweka sahihi na tarehe, akapiga muhuri, akaupuliza wino ukauka kwanza ndipo akafunga.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa daktari wa moyo na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa yule wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akimsalimia kwanza kabla ya kumpima, kwa majirani mliochota maji, mkapika na kulala na sisi tangu Jumanne, kwa mafundi wa kibarazani mlioshona sanda na kukataa kusaidiwa, kwa wafanyakazi wa posta wa zamani mliokuja na babu bega kwa bega, kwa mchungaji, kwa kwaya ya wavulana walio nje wamepanga mstari na miguu safi, na kwa baraza la wazee, ambalo nilikuja nimejiandaa kulisema na sasa nalishukuru, na shukrani hiyo naitoa bila shingo upande, kwa sababu kubadilisha mstari mmoja wa kitabu ni kazi, na mmeifanya.

Mwisho kabisa, ratiba mlizonazo mikononi zilichapwa Jumatano, na muhuri umepigwa Alhamisi, kwa hiyo zina kosa kwenye mstari wa nne, chini ya picha, palipoandikwa mshonaji wa kanzu, na familia inaomba mwenye kalamu arekebishe sasa hivi, asiye na kalamu aazime kwa jirani yake, tutasubiri, hatuna haraka, jeneza halitainuliwa mpaka mtu wa mwisho amalize kuandika.

Pumzika kwa amani, Mwalimu.